Nyungu ya Mama na Nyungu za Pasil

Leo ninataka kuwapeleka mbali, katika milima ya Ufilipino, kwa wanawake wafinyanzi. Lakini kwanza sina budi kusema kosa langu, maana bila kosa hilo nisingalijua hata jina la kwao.

Nilipotoka seminarini na kuwekwa kuwa mwalimu wa dini, feza za kwanza nilizopata nilimnunulia mama sufuria tatu za alumini: kubwa, ya kati na ndogo. Zilikuwa zikimeta kama kioo. Nilijiona mtoto mwema. Siku ileile nilichukua nyungu zake mbili za udongo, nikazitoa jikoni, nikamwambia: «Mama, hivi ni vitu vya zamani. Sasa wewe ni mama wa mwalimu.» Mama hakujibu neno. Alifunga kitambaa chake kichwani, akatwaa ndoo, akaenda kuchota maji. Nyungu moja ilivunjika mikononi mwa watoto kabla ya juma kwisha. Nyingine ikabaki nyuma ya nyumba, kuku wakawa wanaywea humo.

Miaka ikapita. Siku moja tulipata mgeni, padri wa Shirika la Scheut, lakini si Mbelgiji: Mfilipino. Gari lake liliharibika njiani, akalala kwetu. Asubuhi alikwenda nyuma ya nyumba kunawa uso, akakawia. Nilipomfuata nilimkuta amechuchumaa kati ya kuku, ameinua ile nyungu, anaigonga kwa kidole na kusikiliza sauti yake. Akaniuliza:

«Mwalimu, nani aliifinyanga?»

Nikamjibu: «Mama aliinunua zamani kwa mwanamke wa kijiji cha jirani, Padri. Naye amekwisha kufa.»

«Na sasa nani anayefinyanga?»

«Hakuna, Padri.»

Akaiweka chini polepole. «Kwetu Ufilipino, katika milima ya kaskazini, iko komini moja jina lake Pasil. Wataalamu walivuka bahari, wakakaa huko kwa ajili ya nyungu kama hii. Na wewe umewapa kuku.»

Alisema hayo akicheka, lakini maneno yake yaliniingia moyoni. Alipofika kwake alinitumia kitabu juu ya Pasil, kilichotolewa mwaka 1994 na wataalamu wawili, Longacre na Skibo. Kimeandikwa kwa Kiingereza, nami Kiingereza changu ni cha kuombaomba. Nilikisoma jioni baada ya jioni, kamusi mkononi. Kisha nikatafuta na maandiko mengine. Haya ndiyo niliyoyapata.

Pasil iko wapi

Nchi ya Ufilipino ni visiwa, zaidi ya 7 000. Kisiwa kikubwa kuliko vyote ni Luzon, ndipo ulipo mji mkuu, Manila. Kaskazini mwa Luzon kuna milima mirefu iitwayo Cordillera. Wahispania walitawala Ufilipino tangu mwaka 1565 mpaka 1898, lakini wenyeji wa milima hiyo hawakuwashika sawasawa. Kati ya wenyeji hao wako Wakalinga. Jimbo lao linaitwa Kalinga, na mji wake mkuu ni Tabuk.

Pasil ni moja ya komini za Kalinga. Ni ndogo: ina vijiji 14, ambavyo wao wanaviita barangay, na watu wake wote ni kama 10 000 tu. Mto Pasil unateremka kati ya milima na kuingia katika mto Chico. Kando ya bonde watu wamekata mlima kama ngazi, na juu ya kila ngazi wamefanya shamba la mpunga. Maji yanashuka kutoka ngazi mpaka ngazi, hakuna linalokosa fungu lake. Aliye na mashamba mengi ya namna hiyo anahesabiwa kuwa mtu mwenye mali. Aliye na machache anatafuta kazi nyingine ya kuongeza chakula. Shikeni neno hilo, maana tutalirudia.

Hapa huenda msomaji atauliza: sisi na Wakalinga tunahusianaje? Tunahusiana kuliko tunavyozani. Mapadri wa Scheut, walewale walioingia Kongo mwaka 1888, walifika Ufilipino mwaka 1907, wakaanza kazi katika milima hiyo ya Cordillera. Basi Wakristu wa Kasayi na Wakristu wa milima ile wamenyonya ziwa moja. Leo Wafilipino wenyewe wamo katika shirika hilo, na wengine wao wametumwa Kongo. Ndiyo sababu mgeni wangu aliweza kuonekana asubuhi ile kati ya kuku wangu.

Nyungu inavyofanywa

Katika Pasil si kila kijiji kilifinyanga. Vijiji viwili ndivyo vilivyosifiwa kwa kazi hiyo: Dangtalan na Dalupa. Vijiji vingine, kama Guina-ang, vilinunua kwao. Tena ilikuwa kazi ya wanawake.

Mwanamke anachimba udongo karibu na kijiji, anaubeba nyumbani, anautwanga na kuuchanganya na maji mpaka uwe laini. Hana gurudumu la kuzungusha. Anatwaa bonge, analifungua katikati kwa ngumi, kisha anaongeza kuta kwa kamba za udongo, moja juu ya nyingine, akizikwangua ziungane. Mdomo anaulainisha kwa kitambaa chenye maji. Halafu anaiacha nyungu ikauke kidogo. Ikianza kushika, anaingiza jiwe ndani kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anapiga nje kwa kibao. Anapiga, anazungusha, anapiga, mpaka ukuta unakuwa mwembamba na tumbo linakuwa duara. Kisha anatia mapambo mabegani, anaisugua kwa kijiwe laini, na penye kutaka rangi anapaka udongo mwekundu. Nyungu zinakauka siku kadhaa, ndipo zinapangwa pamoja na kuchomwa mahali pa wazi, kwa kuni na majani makavu. Hakuna tanuru.

Lakini kazi haijaisha. Nyungu ikitoka motoni, ingali na joto kali, mfinyanzi anaisugua kwa utomvu mkavu wa mti. Utomvu unayeyuka, unashika ndani ya nyungu na sehemu ya nje, unang'aa. Mimi nilifikiri ni urembo. Sivyo. Udongo uliochomwa kwa moto wa wazi una vitundu vidogo ambavyo jicho halivioni. Maji yanapenya humo polepole mpaka upande wa nje, na yakitokea nje yanapoza ukuta wa nyungu. Hata ukiongeza kuni, chungu hicho hakichemki vizuri. Utomvu unaziba vitundu. Wataalamu wa vyuo vikuu walipima jambo hilo, wakakuta kwamba wale mama walikuwa na haki. Nao walikuwa wakilijua siku zote.

Kuna nyungu za namna tatu zilizo kubwa katika maisha yao. Ya kupikia wali inaitwa ittoyom, na mdomo wake umebanwa kidogo. Ya kupikia mboga na nyama inaitwa oppaya. Hiyo ni pana zaidi, na mdomo wake uko wazi. Ya tatu ni mtungi wa maji, jina lake immosso. Hawachanganyi. Nyungu ya wali ni ya wali, na ya mboga ni ya mboga. Kila moja hufanywa kwa ukubwa mbalimbali: ndogo ya watu wachache, na kubwa ya siku ya karamu.

Mtaalamu aliyerudi shuleni

Mwaka 1973 alifika Pasil mtaalamu mmoja wa Marekani, jina lake William Longacre, wa Chuo Kikuu cha Arizona. Huyu kazi yake ilikuwa kuchimba vijiji vya kale na kusoma maisha ya watu kwa vigae vyao. Mwaka 1970 alikuwa ametoa kitabu juu ya kijiji kimoja cha kale cha Arizona. Wazo lake lilikuwa hili: binti hujifunza mapambo ya nyungu kwa mama yake, kwa hiyo, ukichimba vigae vyenye mapambo ya namna moja mahali pamoja, umepata nyumba za ukoo mmoja. Wazo zuri. Lakini waliofinyanga vigae vile walikuwa wamekufa tangu karne nyingi, na mfu haulizwi. Akaona ni lazima atafute mahali ambapo wanawake bado wanafinyanga na kupikia nyungu zao wenyewe, awaulize walio hai. Ndivyo alivyofika Dangtalan. Mwaka 1975 alirudi, akakaa huko mpaka 1976.

Alifanya kazi kwa uvumilivu. Yeye na wasaidizi wake waliingia nyumba kwa nyumba na kuandika kila nyungu: nani aliifanya, lini, inapikia nini. Walizirudia baadaye wajue zipi zimevunjika. Na juu ya wazo lake la mama na binti, yeye na wanafunzi wake walipata nini? Walipata kwamba mambo si mepesi hivyo. Binti hujifunza kwa mama, ndiyo. Lakini hujifunza vilevile kwa bibi, kwa shangazi, kwa jirani. Wanawake wanaokaa pamoja wakifinyanga na kuzungumza, na hasa walio wa rika moja, wanafanana katika mapambo yao, hata kama mama zao si ndugu. Mwenye kitabu alikuja na jibu, wale mama wakamrudisha kwenye swali.

Ninampenda mtu huyo kwa sababu hiyo. Aliona kwamba alikuwa amefikiri nusu, akaendelea kuuliza. Mimi niliyetoka seminarini na falsafa yangu sikumwuliza hata mama yangu mzazi anapikia nini katika nyungu yake.

Njia za nyungu na njia za amani

Nyungu haikai kijijini, inatembea. Wanawake wa Dangtalan na Dalupa walipanda na kushuka milima kwa miguu, wamebeba nyungu, wakizipeleka vijiji vingine. Walizibadili kwa mchele na vitu vingine vya nyumbani, au kwa feza. Kila mmoja alikuwa na wanunuzi wake wa siku zote, ambao katika Ufilipino wanaitwa suki. Suki hakimbii kwenda kwa mwingine, na muuzaji naye hamwachi suki wake bila nyungu. Mara nyingi alikuwa ndugu, au alifanyika kama ndugu.

Lakini mjue kwamba zamani Wakalinga walikuwa watu wa kulipizana kisasi, kijiji kwa kijiji. Mwanamke mwenye mzigo wa nyungu angepitaje? Alipita kwa sababu ya bodong. Hiyo ni mapatano ya amani kati ya jamaa mbili. Kila upande una mtu mmoja anayeyashika mapatano, na yeye ndiye anayejibu kama mgeni wa upande wa pili amezuriwa. Basi kila nyungu ya Dalupa iliyopikia katika kijiji cha watu wengine ilikuwa kama shahidi kwamba hapo amani ilikuwapo.

Amani hiyo ilijaribiwa sana. Katika miaka ya 1970 serikali ya Rais Marcos ilitaka kujenga mabwawa manne makubwa ya umeme katika mto Chico. Maji yangalifunika vijiji na mashamba ya ngazi na makaburi ya wazee, na Pasil nayo ingalipoteza sehemu yake. Watu walikataa. Waliongeza mapatano ya bodong ili jamaa zilizogombana tangu zamani ziseme kwa sauti moja. Wanawake walibomoa kambi za wapimaji. Askofu Francisco Claver, mzaliwa wa milima hiyohiyo, alimwandikia Rais barua ya wazi. Tarehe 24 Aprili 1980 askari walimwua Macli-ing Dulag, kiongozi wa kijiji cha Bugnay katika komini jirani ya Tinglayan. Kifo chake hakikuwanyamazisha watu, bali kiliwaunganisha, na mabwawa yale hayakujengwa. Longacre alirudi kwa uchunguzi mkubwa mwaka 1987. Wenye nyungu walikuwapo bado.

Sufuria inapoingia

Sasa tumefika kwenye neno lililonichoma.

Mabwawa hayakuingia Pasil, lakini sufuria iliingia, bila askari wala wapimaji. Ilikuja na barabara, na maduka, na mishahara. Mtu angezani kwamba mambo yangekwenda kwa njia moja ya mbili: ama wanawake wangeikataa sufuria kwa kushika desturi, ama wangetupa nyungu zote kwa kupenda mambo mapya. Hata mimi nilizani hakuna njia ya tatu.

James Skibo, mwanafunzi wa Longacre, alikaa Guina-ang mwaka 1988 akiwatazama wanawake wakipika. Aliona hivi: wali, mara nyingi, ulikuwa umehamia katika sufuria. Mboga na nyama zilibaki katika nyungu. Nyumba ileile, mwanamke yuleyule, moto uleule.

Kwa nini? Si kwa bahati. Wali unataka kuchemshwa kwa nguvu na upesi. Sufuria inapitisha moto mara moja, basi kwa kazi hiyo inaishinda nyungu. Wali ukikauka maji, unaondolewa juu ya mafiga na kuwekwa kando ya makaa ukamalizike kuiva. Lakini mboga na nyama zinataka kutokota muda mrefu, polepole. Sufuria inawaka haraka, inafurika, mchuzi unamwagika motoni, na chakula kinashika chini. Nyungu haina haraka. Ukuta wake unapokea moto kidogo kidogo na kuutoa kidogo kidogo. Mpishi anaweza kugeuka kumtazama mtoto, na chakula hakimkimbii.

Kwa hiyo wanawake wa Guina-ang hawakuchagua kati ya zamani na sasa. Walichagua kati ya wali na mboga. Waliweka kila chombo kwenye kazi yake, kama walivyokuwa wamezoea kutenga ittoyom na oppaya.

Tena msizani kwamba walikuwa watakatifu wasiopenda kuonekana. Sufuria ilikuwa heshima. Waliitundika ukutani ili mgeni aione. Na kwa kuwa moshi unaifanya nyeusi, walikaa mtoni wakiisugua kwa mchanga mpaka ing'ae tena, kazi ndefu ya mikono. Nyungu haikudai kung'arishwa hivyo. Basi sufuria ilipunguza muda wa kupika wali, ikaongeza muda wa kuosha. Hakuna chombo kisichodai malipo yake.

Vijiji viwili, njia mbili

Wafinyanzi wenyewe walipatwa na nini? Hapa vile vijiji viwili viliachana.

Dangtalan, wanawake wengi waliacha kazi polepole, wakashika nyingine. Dalupa waliendelea, tena wakawa ndio wauzaji wakubwa wa bonde. Je, Wadalupa walipenda mila kuliko wenzao? Miriam Stark, mwanafunzi mwingine wa Longacre, alichunguza jambo hilo. Sababu kubwa aliyoiona ni ile niliyowaambia mshike: mashamba. Watu wa Dalupa walikuwa na mashamba machache ya mpunga. Nyungu ndiyo iliyowaletea mchele. Wazee husema: mfinyanzi hulia gaeni. Anayewapa wengine nyungu nzima, yeye mwenyewe anakula katika kigae. Tunaposifu kazi ya mikono ya kale, tukumbuke kwamba mara nyingi imeshikwa na yule asiye na kitu kingine cha kushika. Si haki sisi tunaokula vizuri kumwambia mwanamke: «Endelea kutwanga udongo, maana inapendeza macho.»

Lakini wanawake wa Dalupa hawakukaa kulia. Walipoona sufuria inawanyang'anya wali, walianza kufinyanga vitu ambavyo bibi zao hawakuvijua: vyombo vya maua, vya majivu ya sigara, sanamu za wanyama. Vitu hivyo waliviita ay-ayam, yaani vya kuchezea. Jina ni la mchezo, lakini mchele uliopatikana kwake haukuwa wa mchezo. Udongo uleule, jiwe lilelile, kibao kilekile; mnunuzi ndiye mpya.

Nikasema moyoni: hawa wamekuwa na akili kuliko mimi. Nyungu haikuokolewa kwa kuhurumiwa. Iliishi pale ilipokuwa na kazi ya kufanya na mtu wa kuinunua, ikafa pale ilipokosa vyote viwili.

Niliyomwambia mama

Nilipokwisha kusoma, nilikwenda jikoni kwa mama. Alikuwa akichambua sombe. Nilikaa kwenye kigoda kidogo, nikamwambia: «Mama, siku ile nilipoleta sufuria, nilikosa.»

Hakuniuliza siku ipi. Alisema: «Hukukosa kuleta, baba. Sufuria ni nzuri. Bugali unaiva upesi, na mikono yangu imezeeka, haibebi vizito. Ulikosa kutoa. Uliniletea ya bugali, ukanichukulia ya maharagi.»

Nikastaajabu. Mama hajui kusoma, hajasikia jina la Pasil, na alilisema jambo la Guina-ang kwa maneno machache kuliko kitabu kizima. Nikamwuliza mbona hakuniambia siku ile. Akajibu: «Ulikuja na mafundisho. Hukuja na swali.»

Wasomaji, kwa miaka yote hiyo tulikula maharagi yaliyoshika chini, nami nilifikiri mama amezeeka, anasahau chakula motoni.

Nilitaka kuiosha ile nyungu ya kuku niirudishe. Alicheka: «Nyungu iliyonywesha kuku hairudi mekoni.» Basi nilianza kuuliza. Niliuliza baada ya Misa, niliuliza sokoni. Wengi walinicheka: mwalimu anatafuta nyungu! Mwishowe nilisikia habari za bibi mmoja katika kijiji kilicho mbali, mwendo wa siku moja kwa baiskeli. Nilimkuta. Alikuwa na nyungu nne chini ya ghala, na udongo ulikuwa chini ya kucha zake. Nilimwuliza kama ana mtoto anayejifunza. Alionyesha kidole kwa msichana wa jirani, si mjukuu wake wala wa ukoo wake, aliyekuwa amekaa akimtazama. Nikamkumbuka Longacre na swali lake.

Nilinunua moja, kwa bei aliyoitaja, bila kubishana. Niliifunga kwa majani na kitenge nyuma ya baiskeli, nikashuka kila penye mawe nikaisukuma kwa mkono. Ilifika nzima. Mama aliitwaa, akaigonga kwa kidole na kusikiliza, sawasawa kama yule padri. Lakini hakutia maharagi. Alikoroga uji wa muhogo, mzito, akautia ndani, akauacha uchemke mpaka ukajaa kila pembe, kisha akaumwaga wote nje. Nikamwuliza: «Mama, mbona unatupa chakula?»

«Situpi. Ninaifunga. Nyungu mpya inalia machozi. Usipoifunga kwanza, utamaliza kuni zako na maji hayatachemka.»

Wao kwa utomvu wa mti, mama kwa uji wa muhogo. Nilicheka peke yangu, naye akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto wake mwenye homa.

Wapenzi wasomaji, siwaambii mtupe sufuria zenu. Yangu bado inapika bugali kila siku. Ninawaambia neno moja tu, hasa ninyi vijana mliosoma na mnaorudi nyumbani na zawadi: kabla ya kutoa kitu katika nyumba ya mama, mwulize kinafanya kazi gani. Na kama katika kijiji chenu yuko bado mwanamke mwenye udongo chini ya kucha, nendeni mkanunue kwake wakati angali hai, na mpeleke msichana mmoja akae karibu naye atazame. Jungu kuu halikosi ukoko. Lakini ukoko huo haupatikani na mtu aliyekwisha kulitoa jungu nje.